Kisu Kisicho na Ncha

Wadogo zangu, ketini. Nyinyi wa nyuma, acheni kutafuna miwa, mzee anaongea.

Ndiyo, mzee. Nina miaka kumi na saba, lakini nimestaafu uwindaji, na mtu akishastaafu ni mzee, hata kama bado anaamshwa asubuhi kwa kutupiwa ndara na mama yake. Tena mimi ni wa mfumo wa zamani. Nyinyi mko Gredi, sisi tuko Kidato, na tukimaliza sisi hakuna tena. Tukipita Voi mjini watu wangetakiwa kusimamisha magari watupige picha, kama wanavyowapiga wale ndovu wenye pembe za kuburuta chini.

Kustaafu kwenyewe hakukuwa na sherehe. Mama aliweka sufuria ya pure, mahindi na maharagwe, mezani, akasema, "Mwadime, mwaka huu ni wa mtihani. Habari za kisu na vichaka zimeisha." Nikauliza kama nitapewa saa ya ukutani, kama wanavyopewa wafanyakazi wa reli wakistaafu. Nikapewa vyombo vya kuosha.

Sasa, kabla mmoja wenu hajakimbia kuniripoti, niseme tuliwinda nini. Kuwinda wanyama ni makosa, na ranchi hii iliyo nyuma ya vilima vya Mbololo ina askari wasio na mzaha. Sisi tuliwinda mitego. Watu wa nyama ya porini hutega matanzi ya waya na ya kamba ya katani kwenye vijia wanavyopita paa na swara. Sisi nasi, Jumamosi za likizo, tulitembea bega kwa bega kama watu waliopoteza sarafu, macho chini, tukayatafuta na kuyang'oa. Mtego hauna miguu, lakini niamini, unajua kujificha kuliko mnyama.

Kiongozi wetu alikuwa Shangazi Mkawasi, dada ya baba yangu, mwenye bucha pale senta. Naam, mwenye bucha ndiye aliyeongoza watu wa kuokoa wanyama. Siku moja nilimuuliza kama haoni aibu.

"Aibu ya nini?" akasema, huku akifuta mikono kwenye aproni. "Mimi nauza nyama yenye muhuri. Wale wanauza nyama yenye machozi." Akafikiri kidogo. "Halafu wananiharibia soko."

Pamoja naye alikuwepo Kombo, askari wa ranchi, mtu wa Pwani mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi na bunduki ya kutulinda na ndovu. Alikuwepo pia Mutua, rafiki yangu wa darasani, ambaye baba yake ana duka la vifaa vya ujenzi Voi. Na mimi, ambaye Shangazi alinichukua kwa sababu, alisema, nikiwa nyumbani ninaharibu vitu vingi zaidi.

Nataka niwafundishe kuchagua kisu na kukibeba. Msione ni jambo dogo. Ilifika siku ambayo Nyanya yangu alikuwa karibu kumpoteza ng'ombe wake wa mwisho, na wa kumrudisha hakuwa mtu mwenye nguvu wala mwenye bunduki. Ilikuwa ni swali la nani kabeba kisu gani. Nitafika huko. Wazee hatukimbizwi.

Kila mtu akiambiwa achague kisu cha porini huchagua kwa macho. Mutua ndiye aliyetuharibu. Siku ya kwanza alikuja na kisu kirefu kama mkono wa mtoto, rangi ya majani na matope kama sare za jeshi, mgongo wake una meno ya msumeno, na kwenye kitako cha mpini kuna dira. Tulikizunguka kama nzi. Dira ile, ugeuke usigeuke, ilionyesha Maungu. Mtu wa kwenda Maungu asingepotea kamwe.

"Na meno haya ni ya nini?" Shangazi aliuliza.

"Ya kukatia mti, Shangazi."

"Mti gani umekukosea?"

Mimi sikuwa na baba mwenye duka. Niliingia jikoni. Mama alikuwa na kisu kilichovunjika ncha, kwa sababu mtu fulani, ambaye jina lake halina umuhimu, alikitumia kufungulia kopo la rangi. Mama alikuwa ameshakihukumu kifungo cha maisha cha kupalilia maua. Nikakiomba. Shangazi alikipinda kidogo, akakigonga kwa ukucha akasikiliza, kisha akachungulia pale chuma kinapoingia mpinini.

"Chuma hiki kinapita mpaka mwisho wa mpini," alisema. "Hakitakuachia mti mkononi na chuma kikabaki ndani ya kazi. Nenda kasugue kwenye jiwe hapo palipovunjika, pawe mviringo kama ulimi."

"Kisu bila ncha, Shangazi? Si watanicheka?"

"Wewe unachekwa hata ukiwa na ncha."

Akanifundisha mtihani mmoja ambao nawaachia bure. Fumba macho, shika kisu. Ukiweza kusema makali yameelekea wapi bila kupapasa, mpini huo ni wako. Mpini wa duara kama fimbo ya ufagio unazunguka mkononi, na jasho likija unaweza kukata kwa mgongo huku ukishangaa. Wangu ulikuwa wa mti, bapa kidogo, na urefu wa chuma ulikuwa kama kiganja changu. Zaidi ya hapo unabeba panga, na panga tayari Shangazi alikuwa nalo.

Kasoro yake ilikuwa moja. Mpini ulikuwa wa kahawia, na ardhi ya kwetu mnaijua. Safari ya kwanza kilinianguka hapo miguuni pangu, hatua moja sikusogea, na nikakitafuta mpaka Kombo akaja kuuliza kwa upole, "Mwanangu, umekidondosha au umekizika?" Jioni ile nilichukua uzi wa dada yangu wa kusukia nywele, wa pinki, ile pinki ya kuumiza macho, nikauzungusha kwenye mpini wote.

Jumamosi iliyofuata Mutua alikiona akakaa chini kwa kicheko.

"Buda, hicho kisu kinaolewa lini?"

"Posa zimeshaanza," nikamwambia. "Lakini si kwenu."

Basi jina likashika. Kikawa kisu cha harusi. Hata Kombo, mtu wa heshima zake, akawa anauliza kila tukikutana, "Bi harusi hajambo?"

Kuhusu ala, wadogo zangu, hapa nawaomba msicheke. Ala yangu ya kwanza niliitengeneza kwa boksi la sabuni na gundi ya karatasi, nikaichomeka nyuma ya suruali, kiunoni, kama nilivyoona kwenye sinema. Ncha haikuwepo, lakini makali yalikuwepo. Tukavuka korongo, nikaruka, nikatua kwa makalio, boksi likakubali kushindwa.

Nesi wa zahanati alikuwa mama mmoja mzito, mwenye miwani.

"Umekatwa na nini?"

"Kisu."

"Nani kakukata?"

"Mimi."

"Kutokea nyuma?"

Aliondoka chumbani kwa muda. Nilisikia kicheko upande wa pili wa pazia, sauti zaidi ya moja. Nilishonwa nikiwa nimelala kifudifudi, na kwa wiki nzima darasani nilikuwa nikijibu maswali nimesimama. Walimu walidhani nimekuwa na adabu.

Kwa hiyo ala ni hivi. Tafuta kipande cha paipu ya maji, ile ya plastiki ngumu. Ipashe juu ya makaa taratibu, bila kuiunguza, mpaka ilegee kama chapati. Funga kisu kwa gazeti, kiingize, uiminye paipu kati ya mbao mbili, usimame juu yake mpaka ipoe. Itashika umbo la kisu chenyewe, na kisu hakitatoka mpaka ukivute. Toboa tundu chini, maji ya umande yatoke, la sivyo utafuga kutu. Kisha ivae ubavuni, upande wa mkono usiotumia, mbele kidogo ya mfupa wa nyonga. Si nyuma. Nina kovu la kuthibitisha, na hapana, silionyeshi.

Na kunoa. Huhitaji jiwe la dukani. Pindua kikombe cha udongo, pale chini kuna duara lisilong'aa, linakwaruza kidogo. Hapo. Mimi nilinolea chini ya kikombe cha chai cha Nyanya, chai ikishakwisha, yeye akiwa amekaa karibu ananisimamia kama mtihani wa taifa. Laza kisu, inua mgongo wake kiasi cha kupitisha jani, vuta polepole, upande huu, upande ule. Kisha jaribu kwenye gazeti lililoning'inizwa. Likipasuka, rudi kwenye kikombe. Likikatika kimya, umemaliza. Kisu butu ndicho kinachokata watu, kwa sababu unakisukuma kwa hasira, na hasira haina breki.

Kisu hakiendi shule. Hilo nalo nililijua kwa njia ngumu. Siku ya kufungua shule nilisahau kukitoa mkobani. Bawabu akakivuta mbele ya wazazi, pinki yote hadharani. Diputi wetu, yaani naibu wa mwalimu mkuu, mama mrefu anayetembea polepole kama mtu anayekuja kununua shule yote, akakishika kwa vidole viwili.

"Mwadime, hii ni silaha?"

"Ni kifaa cha kuokolea wanyama, madam."

"Basi utaokoa uwanja."

Nilikata nyasi za uwanja wa mpira mpaka nikazijua kwa majina. Kisu alichukua Mama, akanirudishia likizo ilipofika. Tangu hapo kilikuwa na msumari wake ukutani, na mkoba wangu ulikuwa unapekuliwa na mimi mwenyewe kabla ya bawabu.

Lakini sheria kubwa ya Shangazi, kubwa kuliko zote, ilikuwa hii: kisu hakipokezwi mkononi. Ukitaka kumpa mwenzako kisu, unakiweka chini, unaondoa mkono, yeye anaokota. Ukimpa mkononi, mtagombana kabla jua halijazama. Aliipata kwa mama yake, ambaye ni Nyanya, aliyeipata kwa mama yake, na hakuna aliyewahi kuijaribu aone.

"Ni ushirikina tu, Shangazi," Mutua alisema siku moja.

"Haya. Mpe Mwadime kisu mkononi, na mimi nihesabu vidole vyenu baadaye."

Kikawekwa chini.

Sasa tufike kwa Madam.

Madam alikuwa mtamba wa Nyanya, mwekundu, ana doa jeupe usoni. Jina nilimpa mimi, kwa sababu ya mwendo wake. Mmeshaelewa ni mwendo wa nani, na mkienda kumwambia diputi, nitakana. Nyanya alipoolewa, baba yake alimpa ndama mmoja aende naye kwake, na ng'ombe wote wa boma lake tangu siku hiyo walitoka kwenye tumbo la yule. Ukame ukaja ukawamaliza. Akabaki ndama mmoja, mama yake amekufa, na Nyanya akamlea ndani ya jiko lake kwa chupa ya soda, usiku akilala karibu naye kama mtoto. Huyo ndiye Madam. Na likizo ile ya Agosti alikuwa na mimba yake ya kwanza.

Ijumaa jioni mbuzi walirudi, Madam hakurudi.

Jumamosi asubuhi tulipofika kwa Nyanya alikuwa amesimama langoni pa boma. Hakulia. Nyanya yangu si mtu wa kulia mbele ya watu wenye bunduki. Mkononi alishika kamba ya Madam, ile ya kumfungia wakati wa kuoshwa kupe. Akaiweka kwenye mikono ya Shangazi.

"Huyu nikimpoteza," alisema, "baba yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

Shangazi aliifunga kamba ile kiunoni na kuanza kutembea.

Hatukuwa bega kwa bega siku ile. Tulifuata nyayo. Zilivuka uzio wa miiba, zikaingia ranchini, zikashika kijia cha swara. Kombo alikuwa mbele, akisoma chini. "Anatembea taratibu," alisema. "Hakufukuzwa na simba. Anakula hapa, anakula pale, yuko kwenye starehe zake." Kisha akasimama. Mbele yetu majani yalikuwa yamekanyagwa duara, duara juu ya duara, vumbi jekundu limefukuliwa. Katikati palikuwa na mti wa mgunga. Na Madam.

Tanzi la katani lilikuwa limemshika shingoni. Alizunguka mti usiku kucha, na kila mzunguko ukaifupisha kamba, mpaka uso wake ukabanwa kwenye gome. Ulimi nje. Alikuwa akivuta pumzi kwa sauti ya pampu mbovu ya baiskeli. Umande nao ulikuwa umeilowesha kamba, na katani ikilowa hukaza. Fundo lilikuwa limemezwa na manyoya, hata kidole hakiingii.

"Nikate kule mtini?" Mutua aliuliza.

"Ukikata mtini atakimbia na tanzi shingoni," Shangazi alisema. "Halilegei lenyewe hili. Atatufia huko mbele na hatutamwona. Likatwe hapa hapa, kooni." Alishatupa panga kando na kumkumbatia Madam kichwa, pembe moja chini ya kwapa lake. Kombo akaifungua kamba ya Nyanya kiunoni mwa Shangazi, akafunga mguu mmoja wa nyuma, akavuta. "Mutua, wewe uko karibu. Haraka!"

Mutua alichomoa kisu chake kirefu. Simcheki kwa hili. Alipiga magoti papo hapo. Lakini kisu kina ncha, na ili makali yapite chini ya kamba, ncha lazima itangulie, na mbele ya ncha kulikuwa na koo la Madam. Akaichomeka. Damu ikatoka. Madam akaruka na miguu yote minne pamoja na kilo zote za Shangazi.

"Toa! Toa, utamchinja! Weka chini, mpishe mwenzio!"

Mutua akaweka chini. Kisheria kabisa, akaondoa mkono. Madam akapiga teke, vumbi likapanda, na vumbi liliposhuka palikuwa na majani, matope, majani. Kisu cha rangi ya majani na matope kilikuwa kimerudi kwao.

"Kilikuwa hapa!" Mutua alipapasa. "Wallahi kilikuwa hapa!"

"Kiulizie Maungu," nikasema. Mdomo wangu huwa haujui wakati.

"Bi Mkawasi," Kombo akaita, akihema, "na hicho kisu chako cha bucha, cha kiunoni?"

"Changu kina ncha kama sindano. Halafu mimi," Shangazi alisema, shavu lake limebanwa kwenye shavu la Madam, "nikishika kisu karibu na shingo ya ng'ombe, mkono unajiendea kazini wenyewe. Mwadime! Leta bi harusi!"

Nililala chali chini ya shingo ya Madam. Kutoka pale niliona jicho lake moja, kubwa, jeupe pembeni, na ndani yake nikajiona mimi, mdogo sana. Nikakumbuka maneno ya Nyanya langoni. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuwa na mzaha hata mmoja. Niliingiza kisu, Madam akatikisa kichwa, pembe ikanigonga bega, kisu kikaruka.

Nikasikia sauti ya pampu ile. Ikakatika. Haikurudi upesi.

"Kiko wapi?" Shangazi alinong'ona.

Wadogo zangu, pale palikuwa na nyasi za magotini, vumbi hewani na vichaka vya miiba ya kikwata pande zote. Na Kombo, bila kuiacha kamba yake, akainua kidevu.

"Hicho hapo. Kinang'aa kama bi harusi matangani."

Pinki. Ndani kabisa ya miiba, pinki ya kuumiza macho. Niliingiza mkono wote, kikwata kikachukua haki yake, nikarudi nacho.

Safari hii sikuharakisha. Nililaza kisu bapa juu ya ngozi, ule mwisho wa mviringo mbele, nikaupitisha chini ya kamba kama unavyopitisha mwiko chini ya ukoko wa ugali. Hauchomi. Unateleza tu, unapita kwenye manyoya kama ulimi, kama Shangazi alivyosema. Ulipotokea upande wa pili nikageuza mpini, makali yakatazama kamba, mgongo ukalala kooni. Mpini bapa, wadogo zangu. Nilijua makali yako wapi na macho yangu yamejaa vumbi. Kisha nikavuta kuja kwangu.

Katani haikatiki kwa mkupuo. Inakatika uzi kwa uzi, na kila uzi una sauti yake. Tak. Tak. Shangazi alianza kuomba Mungu kwa Kidawida. Mutua naye, aliyekuwa amejitupa juu ya bega la Madam kulituliza, alikuwa akiniambia, "Pole pole, buda, pole pole, hapo hapo." Tak. Halafu kamba yote ikaachia kwa mpigo.

Pumzi aliyoivuta Madam ilisikika, nadhani, mpaka Sagalla. Ilikuwa na sauti ya mlango wa zamani ukifunguliwa. Akavuta nyingine. Ulimi ukarudi ndani. Akasimama akitetemeka, nasi wote tukiwa chini kama nguo za kufua.

Shangazi aliinuka wa kwanza. Akamfuta ile damu ya kooni kwa khanga yake. Lilikuwa jeraha la ngozi tu. Kisha akaweka kiganja chini ya tumbo, akafumba macho. Tukamtazama.

"Yuko," alisema. "Amenipiga teke."

Tulipiga kelele ambazo Kombo alisema zitaita ndovu, na yeye ndiye aliyepiga kubwa kuliko zote. Mutua aliniinua juu. Akaniangusha, lakini alikuwa ameshaniinua.

"Basi mimi naleta posa," alisema. "Mahari taja mwenyewe."

Madam, kwa shukrani, alikanyaga kofia ya Mutua.

Tulirudi kama timu iliyoshinda kombe. Shangazi mbele na kamba, Madam nyuma yake kwa ule mwendo wake wa kununua shule, sisi tukiimba nyimbo za kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani. Langoni pa boma alikuwa Nyanya, na Mama, na nusu ya majirani. Nyanya aliitazama kamba yake, akaitazama mpaka mwisho, akaona nani yuko mwisho. Hakutusalimu. Alimshika Madam masikio mawili, akamgombeza kwa Kidawida kwa muda mrefu, kama mtoto aliyechelewa kurudi kutoka dukani, na machozi yalimtoka hapo, mbele ya bunduki na kila mtu.

Kisha akataka kuona kisu. Nikakiweka chini, nikaondoa mkono. Akaokota, akapitisha kidole pale pasipo na ncha.

"Nani alikivunja hapa?"

Mama alinitazama. Lile kopo la rangi alikuwa hajalisahau.

"Mpumbavu mmoja," alisema.

"Mpeni chai mpumbavu huyo," Nyanya alisema. "Na sukari asipimiwe."

Nilipewa kwenye kikombe kile kile cha kunolea. Nimewahi kupokea cheti cha mbio za magunia na cheti cha kuhudhuria, lakini sijawahi kupewa kitu kama chai ile.

Ndama alizaliwa kabla ya mvua za vuli. Jike. Ana doa la mama yake, na Nyanya alimfunga uzi wa pinki shingoni, legelege, wa kupitisha ngumi. Kisu cha Mutua hatujakiona hadi leo; yuko ndovu mmoja mle ranchini ambaye hawezi kupotea njia ya Maungu. Mutua sasa ana kisu kifupi cha mpini wa mti, na amekizungushia tepu ya umeme ya rangi ya machungwa. Anasema aliibuni mwenyewe. Namwacha, wazee hatugombani na vijana.

Basi ndiyo hivyo. Mimi narudi kwa hesabu zangu, lakini Desemba inakuja, mitego haijaenda likizo, na Shangazi anataka mtu wa nne. Kisu nimekinoa jana, gazeti lilikatika kimya. Simpi mtu mkononi. Kiko nje ya bucha ya Shangazi, chini, juu ya lile jiwe la mlangoni, ndani ya ala yake ya paipu, na pinki yake unaiona ukiwa bado ng'ambo ya barabara.

Nimeondoa mkono. Fumba macho, uokote.